Maneno Sitini na Mawili Mlangoni kwa Sikudhani

Usiku wa kuamkia leo niliota projekta ya shule imegoma kuwaka.

"Nimeshiba," ikaniambia. "Slaidi moja ina maneno sitini na mawili. Mwalimu Nkwabi, una huruma kweli?"

Sikushangaa. Kilichokuwa kinanisumbua ni binti yangu Sikudhani, ninayemfundisha Kidato cha Pili. Jana aliniambia mwakani anaacha Jiografia. "Baba, nikitazama slaidi zako siambulii kitu." Angekuwa mtoto wa mwingine ningevumilia. Kwa huyu, iliniuma.

Mara, humo ndotoni, darasa limekuwa sikio la Sikudhani, kubwa kama mlango wa ghala. Maneno yangu yote yamepanga foleni, yamebeba mabegi. Mlangoni amekaa mama mmoja asiye na kichwa, anafuma kitambaa.

"Ndani kuna nafasi nne tu," anasema.

"Mama, haya yote ni ya muhimu."

"Kila anayekuja hapa husema hivyo."

Najaribu ujanja, nayasoma kwa sauti. Kumbe ndiyo nimeharibu. Magma niliyemwandika, neno la ule uji wa moto wa volkano, na Magma niliyemtamka wanakutana mlangoni, matumbo yanabanana, haingii mtu. Nyuma yao ile mishale ya kuzungukazunguka niliyoipamba kwenye slaidi inatapika kwa kizunguzungu.

"Picha ipite jichoni, sauti yako ipite hapa," anasema yule mama. "Yaliyobaki yarudi kwao."

Basi nayaaga moja moja. Aidha, neno langu la kuanzia sentensi, ananing'ang'ania shati.

"Miaka kumi na tisa, Mwalimu. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, ndugu yangu."

Nalia waziwazi, wala sioni aibu. Nilimpenda sana Aidha.

Picha ya mlima inapita jichoni bila kuulizwa chochote. Nami nainama sikioni, nasimulia taratibu, kama nilivyokuwa nikimsimulia Sikudhani akiwa mdogo, homa imempanda. Huko ndani mtu anawasha taa.

Nikaamka. Nilimkuta Sikudhani jikoni anamimina chai.

"Shikamoo baba. Hivi, magma ikikosa pa kutokea ndiyo inausukuma mlima mpaka unapasuka?"

Somo hilo ni la leo, kipindi cha tatu. Sijalifundisha popote.

"Marahaba. Nani kakufundisha?"

"Wewe."

"Lini?"

Akafikiri, birika likiwa mkononi.

"Sikumbuki. Ila ulikuwa unalia."