Kichwa cha Shaba cha Shemeji Halvard

Shemeji yangu Halvard ni mtu ambaye ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha, na akirudi amelowa chapachapa atasema ni umande. Kwa miaka yote niliyoolewa katika bonde hili la Skarvdalen, yeye ndiye mkuu wa kikosi chetu cha uwindaji, na yeye ndiye anayeshindilia risasi za kikosi kizima. Ana karakana nyuma ya zizi la ng'ombe, yenye mashine yake ya mkono, mizani yake na makopo yake ya baruti. Kila kiangazi wanaume wazima wenye ndevu humpelekea maganda yao matupu, naye huwarudishia yakiwa yamejaa. Hakuna anayeuliza kajaza nini.

Zamani hapakuwa na haja ya kuuliza. Vichwa vya risasi vilikuwa vya ledi, madini laini na mazito, na mtu akichagua kichwa kizito cha ledi, hata akiwa mjinga, elgi ataanguka. Huyu elgi ni kulungu wetu mwenye kimo cha farasi, na nyama yake ndiyo tunayokula hadi theluji iyeyuke. Kisha ikajulikana kwamba ledi huacha chembe za sumu kwenye nyama, na kwamba tai wanaokula matumbo tunayoyaacha msituni wanakufa. Tukakubaliana kuhamia shaba tupu. Halvard alipinga hadi akakauka koo. Wiki iliyofuata akawa bingwa wa shaba.

Na bingwa akachagua kama alivyozoea kuchagua. Alichukua kichwa cha shaba chenye uzito uleule wa ledi yake ya zamani. Shaba ni nyepesi kuliko ledi, kwa hiyo ili ifikie uzito ule lazima iwe ndefu. Ikiwa ndefu, inazama ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti. Baruti ikipungua, risasi inakwenda polepole. Na shaba haifanyi kazi bila kasi: ikifika na kasi, ncha yake inachanua kama ua na mnyama analala, ikifika imechoka, inapita tu kama msumari. Mimi ni mpishi wa shule mstaafu, na jambo hilo nililielewa asubuhi moja juu ya meza ya jikoni. Halvard hajalielewa hadi leo, au tuseme hadi juzi.

Karibu wote kikosini hupiga elgi wakiwa karibu, ndani ya miti, na kwa karibu hata risasi ya Halvard huchanua kidogo. Kituo kimoja tu kinatazama mbali, ng'ambo ya kinamasi kizima. Kinaitwa Kisiki cha Dubu, na kilikuwa cha mume wangu Oddvar, mdogo wake Halvard. Walimpa kituo kile kwa sababu hakuna aliyekuwa na shabaha kama yake.

Msimu uliopita, ule wa kwanza wa shaba, Oddvar alimpiga elgi dume ng'ambo ya kinamasi. Elgi akastuka kidogo, kisha akaondoka kwa hatua zake mwenyewe. Mbwa alimfuatilia mpaka mvua ikafuta njia. Hawakumpata. Jioni, mbele ya kikosi kizima, nami nikiwa nimewapelekea keki, kahawa ikichemka motoni, Halvard akamwambia, "Mdogo wangu, macho yamekwisha. Si aibu. Ila Kisiki nakichukua mimi."

Hakuna aliyefungua mdomo, hata Tormod, ambaye hanyamazi hata kanisani.

Oddvar aliifungia bunduki kabatini. Siku nyingine tukiwa mezani alikuwa ananinyooshea mkono wenye kikombe na kuniuliza, "Aslaug, mkono unatetemeka?" Haukuwa unatetemeka. Kahawa ilitulia tuli. Mwezi wa pili moyo wake ukasimama, akaenda akiamini kwamba alimuumiza mnyama na kumwacha ateseke kwa uzembe wake. Hilo ndilo lililonitoa jikoni. Sikutaka huruma ya mtu. Nilitaka Oddvar asafishwe, na asafishwe na mdomo uleule uliomchafua.

Msitu wake sasa ni wangu, na mwenye msitu ana haki ya kuwinda, kwa hiyo kikosi hakikuwa na namna ya kunikatalia nafasi. Nikafaulu mtihani wa shabaha, nikanunua mashine ndogo, nikaifunga kwenye meza ninayokandia unga. Nikachagua vichwa vya shaba vifupi, vyepesi, vyenye kasi. Nikasafisha maganda, nikaweka fataki za kuwashia, nikapima baruti kwa utulivu zaidi kuliko ninavyopima chumvi, nikashindilia moja moja.

Halafu nikachukua risasi za Halvard zilizobaki kwenye boksi la Oddvar. Nikalowesha mafungu ya magazeti, nikayapanga kwa umbali wa kinamasi kile, nikapiga. Vichwa vyake nilivikuta ndani vimelala vizima, vinang'aa, kama vimetoka dukani. Vyangu vilikuwa vimechanua. Nikampelekea vyote karakanani.

"Magazeti si elgi, shemeji," akasema bila hata kuvishika.

"Najua. Elgi hasomeki."

"Halafu hivi vyako ni nini? Punje za kulishia kuku? Mnyama ni mkubwa, anataka kitu kizito."

"Kizito kinachofika kimelala usingizi?"

"Aslaug, shemeji yangu, nakuheshimu. Umefiwa. Lakini mambo ya risasi tuachie sisi. Wewe tuletee zile keki zako."

Nikaondoka na vichwa vyangu mfukoni. Keki hawakuziona msimu huo.

Siku ya kwanza ya uwindaji Halvard alikaa Kisiki cha Dubu akiwa na kofia mpya. Mimi alinipa kituo cha chini, kando ya kijito, mahali ambapo huwa wanampeleka mtu wanayetaka asiwasumbue. Asubuhi mbwa akabweka juu ya kinamasi. Nikasikia mlio mmoja mzito kutoka Kisiki, kisha sauti ya Halvard kwenye redio ya mkononi, imejaa kama ya mhubiri: "Dume. Amepigwa. Amelala."

Amelala wapi! Muda si mrefu dume aliyelala akatokea mbele yangu kwa miguu yake minne, anatembea kama anakwenda posta. Akasimama kwenye kijito na kugeuza ubavu. Nikapiga. Akaenda hatua chache, akaanguka.

Nikabonyeza redio. "Shemeji, yule wako aliyelala ameamka. Nimemlaza tena."

Wakaja wote. Halvard alifika akihema, akamzunguka mnyama mara mbili.

"Huyu alikuwa maiti tayari," akasema. "Risasi yangu ilikuwa inafanya kazi ndani. Wewe umemmalizia tu."

"Maiti wa kwenu wanatembea mbali," nikasema. Tormod akakohoa ili asicheke.

Tukamburuta hadi kwenye kibanda cha kuchunia, wakamtundika. Tormod ndiye mwenye kisu. Tundu langu lilikuwa nyuma ya bega, na mapafu nyuma yake yalikuwa uji. Tundu la Halvard lilikuwa nyuma ya mbavu, jembamba kama la penseli. Tormod akalifuata polepole kwa kidole. Lilipita mwilini kwa urefu bila kuchana kitu cha maana, hadi kwenye nyama ya kifua. Pale akachokoa, akatoa kipande cha shaba, akakifuta kwenye suruali.

Kilikuwa kizima. Ncha yake haikuwa hata na mkunjo. Ungeweza kukirudisha kwenye ganda.

"Hicho ni cha Aslaug," Halvard akasema upesi. "Vile vyake vya kuku."

Nikatoa mfukoni kichwa changu kimoja ambacho hakijashindiliwa, nikaomba kile kilichochokolewa, nikavilaza sambamba kwenye kiganja cha Tormod. Hata asiyeona angejua kwa kupapasa. Cha Halvard kilikuwa kirefu kuliko changu kwa upana wa ukucha.

Wanaume wakakiangalia. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuangalia bunduki zao, ambazo zote zilikuwa zimejaa risasi zilezile. Niliwadharau wakati ule kuliko nilivyomdharau Halvard. Yeye alikuwa mbishi tu. Hawa waliona njia ya penseli na kunyamaza, kama walivyonyamaza siku ile motoni.

"Mwaka jana," nikasema, "Oddvar alipiga kutoka Kisiki kile kile, kwa risasi ya karakana ile ile. Nani anataka kuniambia tena habari za macho yake?"

"Ilikuwa mvua," Halvard akasema.

"Mvua ilikuja baadaye, shemeji. Sema unachotakiwa kusema."

Akatoka nje, akasimama kwenye mlango akivuta tumbaku yake na kutazama mlima kana kwamba kuna mtu kauhamisha.

Nyama ilipokatwa, tukaipanga mafungu juu ya matawi ya msonobari, kama tunavyofanya siku zote. Mkuu huyapa mafungu mgongo ili asipendelee. Mwingine hunyooshea fungu kidole na kuuliza la nani. Mkuu hutaja jina. Halvard akageuka, uso ukutani, mikono mfukoni.

"La nani hili?" Tormod akauliza.

"Eivind."

"Hili?"

"Lako."

"Na hili?"

Halvard akatoa mikono mfukoni, akairudisha. Koti lake lote lilikuwa limekunjamana mgongoni. Nikadhani amesahau hesabu.

"Oddvar," akasema.

Watu wakaacha kutafuna mikate yao. Tormod, kidole bado hewani, akadhani mzee amechanganyikiwa. "Halvard, Oddvar ni—"

"Najua ni nini. Fungu hilo ni la Oddvar, mpigaji wa Kisiki cha Dubu. Mwaka jana alimpiga sawasawa. Endelea."

Hakugeuka hadi mafungu yote yakaisha, na mimi sikutaka ageuke, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka aone. Mtu mzima na ndevu zake, hawezi kusema neno la haki mpaka awe ameutazama ukuta! Sikumsamehe, na kesho nikimkuta barabarani sijui kama nitamsalimia. Lakini nilikwenda nikalichukua fungu lile mbele yao wote, nikalibeba mwenyewe, ingawa lilikuwa zito na watatu walijitolea kunisaidia.