Dawa Iliyonyimwa Mapumziko

Majibu ya maabara yalipofika, Daktari Evodia aliyasoma akiwa amesimama wima, damu ikimchemka. Vijidudu vilivyokuwa vikiutafuna mguu wa Masunga, mfugaji wa Kasense aliyechomwa pembe na ng'ombe wake mwenyewe, havikuisikia hata ile dawa ya akiba.

Akiba! Tangu mvua za kwanza, Evodia na wauguzi wake wa chumba cha wagonjwa mahututi walizipangia antibiotiki zamu: moja ikitumika, nyingine inapumzishwa, vijidudu visije vikaizoea. Hii hawakuwa wameigusa kabisa. Leo zamu yake imefika, nayo haifai kitu.

Aliyeharibu alimjua. Akamfuata Daktari Nestory, mganga mfawidhi, akamkuta anakunywa chai ofisini.

"Dokta, kule wodi ya daraja la kwanza mnampa nani dawa tunayoipumzisha?"

"Dawa ni ya hospitali, Evodia, si yako. Watu wazito wakija wanataka dawa ya nguvu. Niwanyime?"

"Kwa mafua? Kwa kikohozi cha vumbi la mahindi? Vijidudu havijui daraja la kwanza. Vimeizoea dawa huko kwako, vikaja kwangu kwa mikono na machela. Masunga anakatwa mguu leo. Twende ukamweleze mkewe."

"Hiyo ni kazi yako."

"Safari hii si yangu."

Akasimama mlangoni, hakubanduka mpaka bosi wake alipoinuka.

Mboje, mke wa Masunga, alikuwa kwenye benchi la nje, amejitanda shuka kwa ule upepo wa Ufipa usio na huruma. Nestory akaanza na maneno makubwa makubwa. Mama yule akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu:

"Kwa hiyo, Daktari, dawa ya mume wangu mliwamalizia wenye mafua?"

Nestory akamgeukia Evodia. Evodia hakumsaidia.

Masunga alipona, akarudi kwa ng'ombe wake akitembelea magongo. Dawa ya akiba ikatiwa kufuli. Siku hizi hata mheshimiwa akipiga simu, anaambiwa asubiri vipimo. Wenzake wakampongeza Evodia kwamba ameshinda, naye akakasirika upya. Ameshinda nini, na mfugaji mzima kabaki na mguu mmoja?

"Msinipongeze," aliwaambia. "Nendeni mkanawe mikono."