Maneno Ishirini

Baba yangu alikuwa kiziwi, na siri hiyo tulikuwa nayo watu wawili tu, yeye na mimi. Miaka kumi na saba alikalia kiti cha mlinzi pale ukumbini mwa jengo la ghorofa nane, mgongo wake ukigusana na ukuta wa chumba cha jenereta, na jenereta ile ikamla masikio kidogo kidogo. Kwanza la kushoto, halafu la kulia. Hakumwambia mtu. Alijifunza kusoma midomo, na wapangaji wa ghorofa zote wakaendelea kumsalimia na kuitikiwa kama kawaida. Walimwita Komandoo. Walidhani anawakazia macho kwa sababu ni mkali.

Mimi ni fundi wa sauti za hatari. Nafunga spika darini, zile ambazo moto ukiwaka zinasema, "Tokeni kwa ngazi, msitumie lifti." King'ora kinapiga kelele tu, na watu wakisikia kelele wanabaki kutazamana. Sauti ya mtu inawaambia la kufanya. Kazi ya jengo hili niliipata kwa mdomo wa baba. Alimwambia meneja kwamba binti yake ni fundi, meneja akaniita. Nikatandaza waya wiki sita, nikafunga spika themanini na mbili, na juu ya meza ya baba nikaweka kipaza sauti na simu nyekundu ya kupokea habari kutoka kila ghorofa.

Ilipokaribia siku ya kuombea cheti ndipo nikasoma masharti kwa utulivu. Mkaguzi hapimi spika peke yake. Anasoma maneno ishirini kwenye kipaza sauti, watu wa jengo wanaandika walichosikia, na wengi wakipatia, cheti kinatoka. Hapo sikuwa na wasiwasi. Chini yake kulikuwa na sharti jingine: anayekaa kwenye meza ya kipaza sauti lazima naye aufanye mtihani huo, na akishindwa aondolewe mezani.

Spika haina midomo.

Niseme ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya. Huruma yangu ya kwanza haikuwa kwa baba, ilikuwa kwangu. Kazi yake ilikuwa na chumba, kile cha nyuma ya meza, na ndimo alimolala tangu mama afariki. Akiondolewa mezani anaondolewa na chumbani, na akiondolewa chumbani anakuja kwangu. Kwangu ni vyumba viwili. Kimoja tunalala mimi na mume wangu, kingine amekishika mama mkwe, ambaye nilipomgusia tu habari hiyo alivuta shuka mpaka kidevuni akasema, "Hapa si kambi ya wazee, mwanangu." Yeye mwenyewe ana miaka sabini na mmoja.

Na lile jingine nalo nililijua. Nilijua kwamba moto ukiwaka kweli, mtu wa ghorofa ya saba atapiga yowe kwenye simu nyekundu kwamba ngazi imejaa moshi, na baba atamjibu, "Sawa sawa, karibu." Nililijua, nikaliweka kando, nikaendelea na shughuli zangu.

Bahasha yenye maneno, ambayo kwa utaratibu wao hutunzwa na fundi, ilikaa kwangu siku tatu kabla ya mtihani, imefungwa kwa gundi. Niliifungua kwa mvuke wa birika, nikanakili, nikaifunga tena. Jumapili mchana baba alikuja kutusalimia, nikampeleka uani, nikampa karatasi.

"Maneno yapo ishirini," nikamwambia, uso kwa uso. "Yashike kwa mpangilio huu huu. Ukiona wenzako wameinama kuandika, na wewe inama, andika linalofuata."

"Na nikikosea?"

"Usikosee, baba."

"Unaongea kama mwalimu wangu wa darasa la pili," akacheka. "Yule naye alikuwa na roho mbaya."

Akayashika. Alizunguka uani akiyataja kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, ngazi, moshi, lango, kushoto, mpaka mama mkwe akauliza dirishani kama mzee ameanza kuchanganyikiwa. Nikamjibu kwamba ni mambo ya kazi. Kabla ya kuondoka baba aliyaandika yote bila kutazama, na mwandiko wake ulikuwa umenyooka vizuri.

Jumanne saa nne asubuhi tulipanga viti kumi na viwili ukumbini. Walikaa wafagizi, dada wa mapokezi, fundi bomba, makarani wawili watatu, na baba mbele kabisa, shati limepigwa pasi. Mkaguzi, bwana mmoja mwembamba aliyefunga vifungo vyote mpaka shingoni, aliichana bahasha, akavuta kipaza sauti pamoja na waya wake mpaka chumbani kwa baba, akafunga mlango. Alitaka watu wasikie spika tu. Mimi nikaambiwa nisimame kando ya ngazi, nisitie neno.

Spika zikafunguka. "Neno la kwanza ni: subiri."

"Subiri" lilikuwa la ishirini. Mkaguzi yule alikuwa anasoma kuanzia chini kwenda juu.

Baba akaangalia kulia na kushoto, akaona wenzake wameinama, akainama. Nilijua anaandika "ngazi". Nikakohoa. Jamani, nilimkoholea kiziwi! Neno la pili likasomwa, la tatu, la nne, naye anaandika kwa raha zake. Mara moja tu aliinua macho kunitafuta, nikatikisa kichwa kwa nguvu zote. Alidhani namkataza asinitazame. Akanikonyeza, akarudi kwenye karatasi yake.

Mkaguzi alisahihishia pale pale mezani, na meneja amesimama nyuma yake. Mfagizi mmoja aliandika "mchumba" badala ya "chumba", watu wakavunjika mbavu. Fundi bomba alisikia "soka" badala ya "toka", wakacheka tena. Baba alipoona meno ya watu naye akacheka. Halafu mkaguzi akashika karatasi ya baba, akailinganisha na ile ya bahasha.

"Huyu kapata sifuri," akasema. "Lakini maneno yote ishirini anayo. Kayaandika vile vile yalivyo kwenye bahasha, toka juu mpaka chini. Mimi huanzia chini, kwa ajili ya wajanja wa namna hii." Akaweka kalamu. "Bahasha ilikuwa kwa nani?"

"Kwa fundi," meneja akasema. "Na fundi ni binti yake. Wa kumzaa."

Mkaguzi akanigeukia. "Fundi, kama wewe ndiye uliyemwonyesha, leseni yako naichukua leo, na jengo hili halipati cheti. Kama si wewe, nieleze."

Ukumbi mzima ulinitazama. Baba naye alinitazama, ameinua nyusi, anasubiri kunisoma. Nikampa mgongo.

"Ameiba," nikasema. "Alikuja kwangu Jumapili, mkoba wangu ulikuwa mezani. Kumbe aliufungua. Mkaguzi, masikio yake hayafanyi kazi, miaka mingi sasa, anawaficha wote. Alijua atashindwa."

"Komandoo?" yule mfagizi wa "mchumba" akasema. "Komandoo huyu huyu aibe?"

Baba akanigusa bega. "Wanasemaje, mama?"

Nikageuka. Nikaumba maneno kwa midomo, bila sauti, taratibu, kama alivyozoea: *Nimekutetea.*

Uso wake ukafunguka. Akasimama, akawaambia wote kwa sauti yake kubwa, "Mwanangu amesema kweli tupu! Msikilizeni yeye!"

Mkaguzi akafunga faili. "Basi. Amekiri mwenyewe."

Meneja hakutaka hata kumsogelea. Alimsomea dada wa mapokezi maneno, dada akayaandika: mlinzi anakiri kuiba karatasi ya mtihani, anakiri kuficha uziwi wake, anaacha kazi na chumba leo hii. Kisha meneja akanisukumia mimi ile karatasi. "Mpe baba yako atie saini," akasema, akaenda pembeni kupiga simu.

Baba anajua kusoma kuliko mimi. Nikaiweka mbele yake, kiganja changu nikakilaza juu ya maandishi, nikamwachia mstari wa chini tu.

"Ya matokeo?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Akatia saini yote, pamoja na ile mikia yake.

"Nimepata ngapi?"

"Yote," nikamwambia. "Yote ishirini."

Nilijichukia pale nilipokuwa, lakini niliposhikishwa cheti nilikipokea kwa mikono miwili. Mkaguzi alinipongeza, spika zinasikika vizuri mno, akasema, hajaona kazi safi namna hii mwaka huu. Meneja akanikumbusha kwamba ikifika saa sita mzee awe ameshatoka, na kwamba ni mzigo wangu, nijue pa kuupeleka. Nikasema ndiyo, bosi.

Walinzi wawili wa getini wakaingia chumbani. Wakatoka na godoro limekunjwa, ndoo, na koti la baba la mvua, wakapita navyo katikati ya ukumbi. Baba alikuwa bado anapeana mikono na makarani waliokuwa wanamkwepa. Akaviona. Tabasamu likamganda.

"Mama," akasema, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Godoro langu linapelekwa wapi?"

Akaja mbele yangu, akayakaza macho kwenye midomo yangu, akasubiri. Nikaufunika mdomo kwa mkono.