Maji ya Kumkanda Shadia

Bi Kuruthumu hakuwa mtu wa kufundishwa kukanda mzazi. Wanawake wangapi wa Kasulu aliwanyoosha kwa kitambaa na maji ya moto, wakamlaani siku saba, ya nane wakamshukuru? Basi bintiye Shadia alipojifungua mtoto wa kwanza, nani mwingine angethubutu kumgusa?

Tatizo lilikuwa mvua. Kuni zimelowa, mkaa umekwisha, na maji ya kukandia hayataki uvuguvugu. Lazima yaunguze kidogo. Asubuhi ya siku ya sita akakubali, shingo upande, kutumia hita, ule waya uliosokotwa unaotumbukizwa ndani ya maji. Akaitia kwenye beseni bafuni, akaichomeka kwa ekstensheni iliyotoka sebuleni.

Maji hayajaanza kutoa mvuke, umeme ukakatika.

"Si nilisema?" akafoka. "Umeme gani huu, wa kuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya!"

Shadia alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunga khanga moja. "Mama, chomoa kwanza."

"Nichomoe nini? Umeme haupo. Tia mkono, mwanangu, uniambie kama yamefika."

Shadia alisita. Lakini binti aliyelelewa vizuri habishani na mama yake, tena mama anayemkanda. Bi Kuruthumu akaenda chumbani kuchukua kitambaa.

Hata sanduku hajalifungua, akasikia watoto wa mtaa mzima wakishangilia kama kawaida yao, "Umerudiii!" Taa ikawaka. Naye, Mungu amsamehe, akafurahi. Akasema Alhamdulillahi kwa sauti, akiwaza kwamba sasa maji yatachemka.

Kisha kigoda kikaanguka.

Alikimbia, akauchomoa ule waya, kazi aliyoikataa dakika mbili tu zilizopita. Shadia hakuwa na pumzi. Alimkandamiza kifua, akamwita kwa majina yote ya utotoni. Majirani wakaja, wakamkimbiza hospitali, na huko akafunikwa shuka.

"Ajali haina kinga," walisema waombolezaji, mmoja baada ya mwingine. Bi Kuruthumu alitamani kuwapigia kelele. Hii ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe aliambiwa. Chumba cha pili kichanga kililia kutaka ziwa, na hakuna aliyeweza kukinyamazisha.

Alasiri akafika Nurudini, mume wa Shadia, kutoka Kibondo kwenye duka lake. Alipiga magoti mbele ya mkwewe, machozi yakimtiririka.

"Mama, nisamehe. Mimi ndiye niliyelinunua lile dude. Nimemuua mke wangu kwa mkono wangu."

Bi Kuruthumu alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yote, mpaka lile la tia mkono. Watu walikuwa wanamtazama, wanamhurumia.

Akamwekea kiganja kichwani.

"Nimekusamehe, baba," akasema.