Sili Kwenye Droo ya Vifungo

Mume wangu ni mtu wa maneno machache, lakini mwulize habari za gia boksi uone kama utapata pa kupenyeza neno. Alipopata kazi ya kutengeneza mitambo kwenye kiwanda cha mbali, aliniachia vitu viwili: mama yake, na pikipiki kuukuu iliyokuwa ikivuja oili ya gia nyuma ya sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Jumapili ya kwanza tu akapiga simu.

"Vipi, bado inavuja?"

"Inavuja," nikasema. Basi akanielezea nusu saa nzima jinsi sili ya shafti, ile pete ya mpira inayozuia oili, inavyokaa, nati inavyofunguliwa, na mahali pa kutia bisibisi. Nusu saa! Mwanamume aliyenitongoza kwa kuniletea kwenye cherehani yangu suruali ileile niipunguze mara nne, mpaka ikabaki kaptula.

Mkataba wa mwaka mmoja umekuwa miaka mitatu, na kila Jumapili mchana swali ni lilelile. Nami nampa habari: leo matone kumi, leo imechafua cheni. Nikigusia kurudi kwake, mtandao unaanza kusumbua. Kwa hiyo sigusii.

Sasa niseme kweli, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Sili mpya ninayo. Niliikuta siku ileile aliyoondoka, kwenye droo ya cherehani yangu, katikati ya vifungo, ingali kwenye karatasi yake. Nikadhani ameisahau. Nikaifukia chini ya vifungo vya makoti, nikaweka kopo chini ya pikipiki, nikawa naongeza oili kila wiki. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia spana. Lakini pikipiki ikipona, Jumapili atapiga kuuliza nini? Niliogopa kwamba hatapiga.

Ningeendelea hivyo, kama si kona ya zahanati. Jumatano nilimpakia mama mkwe kumpeleka kupima presha, sikujua kwamba oili imerukia tairi la nyuma. Tulipokata kona tairi likateleza, mama akatua kwenye nyasi, mkoba huku, kiatu kimoja kule. Nilimkimbilia. Kumbe amechubuka kiwiko tu. Akakaa palepale, akajipangusa, akanitazama.

"Mwanangu, wewe na mume wako mtaniua kwa mapenzi yenu."

"Mapenzi gani, mama? Ni oili."

"Miwani yangu mibovu, lakini nikitafuta sindano kwenye droo yako, naona."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumamosi nikaitoa pikipiki uani. Niliingiza gia, nikafungua pedeli yake, kisha kifuniko. Chini yake palikuwa na tope la oili na vumbi la miaka mitatu, nikalikwangua kwa kijiko kibovu. Mama mkwe akakanyaga breki ya nyuma kwa kisigino, nati ikalegea kwa mlio. Sproketi ikatoka na cheni yake. Sili ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka ukingoni. Niliichokoa taratibu nisije nikakwaruza shafti, kama nilivyoelezwa Jumapili zisizo na hesabu. Ile mpya nikaipaka oili, nikaigonga kidogo kidogo, huku na huku, mpaka ikaingia sawasawa. Kila hatua niliisikia kwa sauti ya mume wangu. Nilimtamani mpaka nikaweka nyundo chini, nikakaa. Mama mkwe akanisogezea tambara, sijui la kufutia mikono ama macho.

Asubuhi ya Jumapili kopo lilikuwa kavu. Saa nane simu ikaita.

"Vipi, bado inavuja?"

"Haivuji. Nimebadilisha sili jana."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye droo ya vifungo."

"Niliiweka pale mwenyewe," akasema polepole. "Ndiyo droo unayoifungua kila siku. Nilijua utaiona kabla sijafika stendi."

"Na niliiona. Sasa miaka yote hii mbona hukuuliza?"

"Ningeuliza, ungeibadilisha."

Nilicheka, kicheko kikageuka kilio. Watu wazima wawili, akili zetu timamu, miaka mitatu tunalilisha kopo oili!

"Sasa Jumapili ijayo utaniuliza nini?"

Nikaona nikinyamaza hapo nitanyamaza mpaka uzeeni.

"Nataka urudi," nikasema. "Habari za pikipiki zimekwisha. Nataka urudi nyumbani."

Nilimsubiri asingizie mtandao. Hakusingizia. Nilisikia pumzi yake, na nyuma yake mashine za kiwandani zikinguruma.

"Na mimi nataka kurudi," akasema. Hakuongeza neno, nami sikuongeza. Tulikaa hivyo muda mrefu, kila mmoja na simu yake sikioni, hata mama mkwe akauliza kutoka chumbani kama imekatika.

"Haijakatika, mama," nikamjibu.