Zimwi la Chini ya Daraja

Ugomvi wa siku hiyo ulianzia kwenye mchuzi. Walisimama mji wa St. Ignace kula pasti, zile pai za nyama na viazi ambazo watu wa kaskazini wamekuzwa nazo, na Doreen akaomba yake imwagiwe mchuzi. Dada yake mkubwa, Sylvi, akaweka uma chini.

"Mchuzi? Pasti inaliwa na tomato sosi. Kweli wewe sasa ni zimwi."

Ndivyo watu wa kaskazini wanavyowaita wote wanaoishi kusini mwa daraja kubwa la Mackinac, kwa kuwa kwenye ramani wako chini ya daraja, na mazimwi hukaa chini ya madaraja. Kwa kawaida ni utani. Sylvi hakuwa anatania.

"Dada, acha nile."

"Kula, nani kakuziba mdomo?"

Mama yao, Lempi, alikatakata pasti yake, koti limefungwa mpaka shingoni. Walikuwa wametoka kwake Negaunee, kaskazini, asubuhi ile. Alikuwa anahamia kabisa kwa Doreen, mjini Lansing kule kusini, na begi lake moja lilikuwa kwenye buti la gari.

Sylvi alipinga safari hiyo mpaka sauti ikamkauka. Aliposhindwa akageuka mtu mwema ghafla, akasema atawasindikiza akakione chumba cha Mama. Hiyo ilikuwa sababu ya mdomoni. Ya moyoni aliijua mwenyewe: Doreen alikuwa analiogopa daraja la Mackinac kuliko kifo. Siku zote mumewe ndiye aliyeendesha hapo, na mumewe alikuwa nyumbani, mguu kwenye plasta. Kuja, Doreen alikuja kwa basi, macho kayafumba. Kurudi ilikuwa kwa gari la Mama, na tegemeo lake kwenye daraja lilikuwa Sylvi. Sylvi akamwacha ategemee. Akishindwa kuvuka, Mama atarudi nyumbani, na habari itakwisha.

Karibu na kituo cha ushuru Doreen aliegesha gari pembeni. Daraja lilikuwa mbele yao, refu hata mwisho wake hauonekani, na upepo wa ziwa ulikuwa unalitikisa gari.

"Haya dada, shika usukani."

"Sishiki."

"Si ulisema unakuja!"

"Nimekuja, si mimi huyu hapa? Nilisema nitaendesha? Unataka nimtoe Mama kwa mikono yangu mwenyewe? Geuza gari, Doreen."

"Sigeuzi."

"Basi vuka. Baba alipougua ulikuwa wapi? Ulipiga simu! Fimbo ya mbali haiui nyoka, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemgeuza kitandani, mimi ndiye niliyemwosha. Leo unakuja kwa basi kuchukua Mama kama mtu aliyesahau mwavuli?"

Doreen alikuwa anatetemeka mpaka funguo zinalia. Sylvi aliona, na akafurahi. Tusimpambe, alifurahi.

Kisha Doreen akafungua mlango, akaenda kwenye kibanda cha ushuru akiinamia upepo.

Hapo ndipo hesabu ya Sylvi ilipoharibika. Kila mtu anajua kwamba anayeliogopa daraja anaweza kuomba watu wa daraja wamvushe kwa gari lake mwenyewe. Lakini hilo ni jambo la watalii. Mtu wa kaskazini aombe? Atasimuliwa kwenye kila sauna, vile vibanda vyao vya kuoga mvuke, mpaka theluji iyeyuke. Sylvi angekufa kwanza, na kwa sababu yeye angekufa kwanza, haikumpitia akilini kwamba mwenzake angeomba.

Akaja mfanyakazi wa daraja, mwanamume mnene mwenye kizibao cha njano, jina lake Duane, na nyuma yake pikapu ya kumrudisha, ikiendeshwa na mwenzake.

"Nani mwenye hofu hapa?"

"Mimi," Doreen akasema kwa sauti.

"Aibu!" Sylvi akafoka. "Mtoto wa Reino Harju! Baba yako alikaza vyuma vya daraja hili kwa mikono yake!"

"Basi alivikaza vizuri, mama," Duane akasema. "Hamia nyuma, nahitaji huyu akae mbele."

Duane akashika usukani. Njia ya nje ya daraja ilikuwa inatengenezwa, kwa hiyo walipita ya ndani, ile ya wavu wa chuma, ambayo ukitazama chini unaona maji. Matairi yalinguruma. Doreen alijifunika koti kichwani, akajikunja. Walipofika katikati, Sylvi akateremsha kioo mpaka mwisho. Mngurumo ukajaa garini pamoja na baridi.

"Unasikia, Doreen? Hakuna kitu chini yako! Maji matupu, meusi tii!"

Doreen akatoa sauti ndogo ndani ya koti.

"Funga dirisha," akasema Lempi.

"Namsaidia apate hewa."

"Sylvi. Funga dirisha."

Akafunga.

Ng'ambo ya pili Duane aliegesha, akaenda kwenye pikapu iliyokuwa ikiwafuata. Doreen alifungua mlango akatapika kwenye majani, akajifuta kwa kiganja, akazunguka akakaa kwenye usukani. Uso ulikuwa mweupe kama unga, lakini alikaa.

"Zimwi kafika kwao," Sylvi akasema.

"Shuka," Lempi akamwambia.

"Nini?"

"Shuka urudi na yule bwana. Doreen nilimpigia simu mimi. Hakuniiba, nilimwita. Nilimwambia, njoo unitoe, na akaja, na unaona anavyoogopa."

"Akutoe wapi, Mama? Kwako? Nani anakuwashia sauna kila Jumamosi? Nani..."

"Wewe. Na kila Jumamosi unanigombeza mpaka maji yanapoa. Zile swichi za kuwashia jiko langu, bado umezibeba?"

Sylvi akaingiza mkono mfukoni. Zilikuwemo zote, tangu siku Mama aliposahau sufuria motoni, naye Sylvi akazing'oa ili Mama asipike tena.

"Ulisahau moto, Mama. Ungeungua."

"Mara moja. Nimepika miaka sitini."

Sylvi akazitoa, akamnyooshea.

"Chukua basi. Chukua, turudi nyumbani."

"Baki nazo," Lempi akasema, akafunga mkanda wa kiti.

Pikapu ilipopanda daraja tena, Sylvi akiwa ndani, Duane alikuwa amefungua dirisha ili avute sigara. Matairi yakaingia kwenye wavu, mngurumo ukaanza tena. Sylvi alikaa akizishikilia swichi mapajani asijue aziweke wapi.

"Funga dirisha," akasema.

Duane akamtazama. "Na wewe unaogopa?"

Sylvi akatazama maji chini ya wavu.

"Funga tu, kaka. Tafadhali."