Kiti Kisicho na Breki

Wiki nzima sikukalika. Nikiketi naona kiti kina miiba, nikisimama nahamisha vitu ambavyo havijakosea. Mume wangu alikuwa ameliona gari la ndoto yake: jekundu, viti viwili, limelala chini kabisa. Dalali kumwangalia tu akajua huyu kashanasa, akapandisha bei. Eti yupo mteja mwingine analimezea mate, atakayeongeza kidogo ndiye atakayelichukua. Kidogo! Hicho kidogo chake ndicho tulichokuwa tumekiweka akiba ya gari la pili la shule yetu.

Tuna shule ya udereva, mimi na yeye tu. Mimi nafundisha alama za barabarani ofisini, yeye yuko barabarani. Ujana wake wote umeishia kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, ile wanayowekewa walimu, huku watoto wa watu wakimpeleka nusura mtaroni. Tungepata gari la pili tungeajiri mwalimu mwingine, naye apumzike. Ndiyo maana nilichachamaa. Nilimwita mtu mzima hovyo, nikamuuliza mama yake tutampakia wapi, kwenye buti? Mume wangu hagombani, anakanyaga breki tu.

Jumamosi tukaenda yadi kulijaribu, nami "hapana" yangu nimeishika mdomoni. Dalali akatukabidhi ufunguo, akasema twende mpaka makutano turudi. Mume wangu akalizunguka gari, akafuta kioo kwa kiganja, akafungua mlango, akaketi, akafunga mkanda. Kisha akanitazama, akangoja.

Alikuwa amekaa upande wa abiria.

Dalali alicheka, akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Mtu ameliota gari tangu hatujaoana, siku ya siku imefika, miguu imempeleka kwenye kiti cha kazi, na wala hana habari. Mguu wenyewe ulikuwa unapapasa sakafu, unatafuta pedali isiyokuwepo. Hasira yangu yote ikaniisha palepale.

"Shuka," nikamwambia. "Hapo ni pangu."

Akautazama usukani, akatazama alipokaa, aibu ikamshika. Akahamia. Lakini hakuwasha. Aliushika usukani kwa mikono miwili, vilevile anavyowafundisha wengine.

"Upande wako hauna breki," akasema.

"Najua. Endesha, bwana."

Akaendesha. Barabara ilikuwa tupu, gari likanguruma, nikang'ang'ania mlango na kusoma kila dua ninayoijua. Mara nikasikia kicheko. Alikuwa anacheka mwenyewe, mdomo wazi, na katika ndoa yetu yote sijawahi kumsikia akicheka ndani ya gari.

Tuliporudi, dalali akaanza tena hadithi ya yule mteja wake. Nikamwambia anyamaze, aandike bei yake ya uongo, tunachukua.

Wifi zangu huniuliza kama nyongeza ile ilistahili, kwa gari lisilobeba hata gunia la unga. Sijui. Gari la pili la shule hatuna, siku za kazi bado yuko kwenye kiti chake cha mwalimu, nami bado nanung'unika. Ila Jumapili hunifungulia mlango wa abiria, tunatoka. Kila tukikaribia kona mguu wangu hukanyaga sakafu kwa nguvu zote, na yeye huongeza mwendo.